Nani Anaangalia Pumzi? Binti Yangu, Meno Yake na Dawa ya Usingizi

Kwa kazi moja tulipewa bei mbili. Kliniki ya kwanza, ghorofani juu ya duka la vitambaa mjini, ilitaka elfu ishirini na kitu: binti yangu anyweshwe dawa ya kumlegeza, akalishwe kitini, meno yashughulikiwe kidogo kidogo. Hospitali ikataka zaidi ya laki moja na nusu: alazwe usingizi kamili ndani ya thieta, kila kitu kimalizwe mara moja. Mtu anayeishi kwa mshahara wa bandarini anajua hesabu hiyo inaelekea wapi. Nami nilielekea huko huko, tena nikijiambia kwamba ile ya bei nafuu ndiyo salama zaidi, maana dawa yenyewe ni kidogo. Dawa kidogo, hatari kidogo. Naandika kwa ajili ya mzazi ambaye leo anapiga hesabu hiyo.

Meno yalianza kuharibika kabla hajafika miaka mitatu. Kwanza zilitokea alama nyeupe kama chokaa karibu na ufizi, kwenye meno ya mbele ya juu. Nyumbani tulidhani ni mabaki ya maziwa. Kisha alama zikageuka kahawia, na meno yakaanza kumeguka pembeni. Meno ya mbele ya chini yalibaki meupe, mazima, na hilo ndilo lililomfanya daktari aulize moja kwa moja: analala na chupa? Ndiyo, alikuwa akilala na chupa ya maziwa ya sukari. Akatueleza kwamba mtoto akinyonya usingizini, ulimi na mate huyakinga meno ya chini, na ya juu hubaki yameoga sukari usiku kucha. Mchana nako kulikuwa na mabuyu. Sisi watu wa Mombasa tunajua mabuyu mekundu yanavyomung'unywa, mbegu moja robo saa nzima mdomoni. Daktari alisema kinachooza jino si wingi wa sukari peke yake, bali ni mara ngapi kwa siku na kwa muda gani jino linakaa ndani yake. Mtoto aliyekula halua kipande kimoja baada ya chakula akanywa maji ana nafuu kuliko anayemung'unya mabuyu kuanzia adhuhuri hadi alasiri.

Alipofika miaka minne, magego manne yalikuwa na matundu, na juu ya jino moja la mbele palitokea kijipu kidogo kwenye ufizi, kikipasuka na kurudi. Usiku analia. Nyanyake akawa anampaka mafuta ya karafuu, na kweli yanatuliza kwa muda, lakini yanachoma ufizi wa mtoto na yakimezwa ni sumu. Usaha ulioko kwenye mzizi hayaufikii.

Na hapo ndipo familia nzima ilipopata la kusema. "Si meno ya utoto hayo? Yataanguka yenyewe, mtoto wa kumtia nusu kaputi kwa nini?" Nilikuwa sina jibu, mpaka nilipopewa umri wa kila jino. Ya mbele huanguka kwenye miaka 6 au 7. Magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10, mengine 12. Binti yangu angeishi na magego yenye matundu miaka sita na zaidi, huku meno ya ukubwani yakikua chini yake. Niliwaambia hivyo wazee, nao wakanyamaza, ingawa si wote.

Daktari wa kwanza hakukimbilia dawa. Alijaribu kwanza kwa maneno na katuni kwenye simu, na binti yangu akamng'ata kidole. Akajaribu gesi ya kucheka, ile inayovutwa kwa kibarakoa cha puani. Gesi hiyo ni nyepesi, na ikizimwa mtoto akapewa oksijeni, gesi huisha mwilini baada ya dakika chache, kwa hiyo inawafaa watoto wengi. Sharti lake ni kwamba mtoto avute kwa pua. Anayelia anavuta kwa mdomo, na wangu alikuwa analia tangu ngazini. Ndipo ikaja habari ya sharubati: midazolamu, dawa chungu iliyochanganywa na kitu kitamu, inayopimwa kwa kilo za mtoto na kuanza kufanya kazi baada ya nusu saa hivi.

Nilikuwa karibu kukubali. Nilimpigia shangazi yangu aliyestaafu uuguzi, kumjulisha tu, sikuwa naomba ushauri. Akanisikiliza, kisha akasema, "Mwanangu, muulize daktari neno moja. Yeye akishainama mdomoni mwa mtoto na mashine yake, nani anaangalia pumzi?"

Nikarudi nikauliza. Daktari akasema msaidizi wake yupo. Msaidizi huyo ndiye anayeshika mpira wa kufyonza mate, ndiye anayempa vifaa, na siku ile nilimwona pia akipokea simu za wagonjwa. Nikauliza kama wana kifaa cha kidoleni kinachosoma oksijeni, na mtoto akilegea kupita kiasi wanafanya nini. Daktari akanitazama, wala hakuchukia. Akavuta kiti, akaniambia kwa mtoto mwenye matundu mengi hivi na hofu hii, angekuwa wangu ningempeleka hospitali. Akaandika barua ya rufaa na hakunitoza ada ya siku ile. Sijui kwa nini hakuanza na maneno hayo, lakini namshukuru kwa kuyasema.

Daktari wa usingizi wa hospitali ndiye aliyenifungua macho baadaye. Usingizi wa dawa, alisema, ni mteremko. Mtoto anaanza kwa kulegea, anasinzia, anafika mahali haitikii akiitwa, na mbele kidogo ulimi wake mwenyewe unaanza kuziba njia ya hewa. Dozi ile ile inaweza kumwacha mtoto mmoja akicheka peke yake na kumzamisha mwingine mwenye kilo zile zile. Wako hata wanaogeuka wakali, wakapigana na kila mtu. Dawa ya kumeza ikishapita koo hairudi, huwezi kuipunguza kama unavyopunguza gesi. Na mtoto mdogo hana akiba kubwa ya oksijeni mwilini: pumzi ikikwama, mambo hubadilika haraka kuliko kwa mtu mzima. Tena kazi ya meno inafanyika pale pale panapopita hewa. Maji ya mashine, damu, vipande vya jino, vyote viko kwenye mlango wa koo ambalo kwa wakati ule limelegea na halikohoi sawasawa.

Thieta wanapitisha mpira puani hadi kwenye koo la hewa, wanaweka shashi nyuma ya mdomo kuzuia uchafu, na kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ya siku ile ni kumwangalia mtoto tu: mapigo, pumzi, oksijeni, joto. Hagusi jino. Dawa ni nyingi zaidi, lakini ulinzi nao ni mwingi zaidi, na mimi hesabu yangu haikuwa na safu ya ulinzi. Uingereza ilimaliza ubishi huu mwishoni mwa mwaka 2001 ilipoondoa kabisa nusu kaputi kwenye kliniki za meno za mitaani, ikabaki hospitalini penye huduma ya wagonjwa mahututi. Marekani, mwongozo wa pamoja wa madaktari wa watoto na madaktari wa meno ya watoto, uliorekebishwa mwaka 2019, unasema hata kama mtoto analazwa usingizi mzito kwenye kliniki ya meno, lazima awepo mtaalamu wa usingizi mbali na yule anayetibu meno. Ni swali lile lile la shangazi.

Sisemi kila anayetumia sharubati kitini ni mzembe. Mtoto mwenye jino moja la kuziba, mwenye afya, kliniki yenye kifaa cha oksijeni na mtu wa pili aliyefunzwa kuokoa pumzi, hilo ni jambo jingine. Nasema uulize kwa kutaja watu na vifaa. Ukiuliza "ni salama?" utajibiwa "ni salama". Na kabla hujauliza chochote, tafuta jina la daktari na la kituo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, inayopatikana kwa simu. Ni kazi ya dakika tano.

Kuna njia ambazo zingeweza kutuepusha na thieta kama tungezijua mapema, na nazitaja kwa anayesoma mtoto wake akiwa bado na alama nyeupe au matundu madogo. Kuna dawa ya kupaka inayoitwa silva dayamini floraidi, iliyoingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inapakwa kwa brashi ndogo, bila sindano wala mashine, na inaweza kusimamisha kuoza. Ubaya wake, sehemu iliyooza inageuka nyeusi ti, na wazazi wengi huikataa kwa sababu ya meno ya mbele. Mimi sasa ningechagua weusi. Kuna pia kofia za chuma zinazobandikwa juu ya gego bila kulichimba, njia iliyoanzia Scotland. Zote mbili hazifai jino likishatoa usaha, na letu lilikuwa limeshatoa.

Kilichotunyima usingizi mimi na mke wangu ni ubongo. Mtu yeyote anayeingia intaneti usiku na maneno "nusu kaputi" na "mtoto" atakutana na onyo la Marekani la Desemba 2016, kwamba dawa za usingizi zikitumika kwa zaidi ya saa 3 au mara kwa mara kwa watoto walio chini ya miaka 3 huenda zikaathiri ukuaji wa ubongo. Daktari hakulipuuza onyo hilo. Alituambia wetu amepita miaka 3, kazi imepangwa kuchukua chini ya muda wa saa 2, na ni mara moja. Akatutajia pia utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wa watoto wachanga zaidi ya 700 kutoka nchi saba waliofanyiwa upasuaji wa ngiri. Waliolazwa usingizi kamili kwa muda usiofika saa moja hawakutofautiana kiakili na wenzao waliochomwa ganzi ya mgongoni walipopimwa wakiwa na miaka 5. Mke wangu akamkumbusha kwamba wetu atalala zaidi ya hapo. Daktari akakubali kwamba utafiti ule haumjibu moja kwa moja, akasema kwa upande wa pili wa mizani kuna usaha, homa, na mtoto asiyelala wala kula vizuri. Jibu hilo la wazi lilitutuliza kuliko angetuambia tusijali.

Na papo hapo tukafahamu mpango wa kazi lazima uwe wa kukata maneno. Mzazi anapenda meno yaokolewe, na daktari mpole atakubali kuziba jino la mashaka. Lakini likifeli baada ya miezi sita, ni thieta tena, dawa tena, bili tena. Tukakubaliana: manne ya mbele ya juu yang'olewe, magego mawili yavalishwe kofia za chuma, mawili yazibwe, mengine yapakwe kinga. Fomu ya idhini iseme pia daktari anaweza kubadili akiona picha ya eksirei ndani, maana mtoto asiyefungua mdomo hapigwi eksirei nzuri akiwa macho. Kweli gego moja lililokuwa la kuzibwa liliishia kuvalishwa kofia.

Mkutano na daktari wa usingizi usiuchukulie kama kupiga muhuri. Aliuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyewahi kupata matatizo au kufa akiwa chini ya dawa ya usingizi. Aliuliza pumu, mzio, kukoroma usiku, jino linalotikisika. Kisha akauliza seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Huku Pwani ugonjwa huo upo katika koo nyingi, na binamu yake binti yangu anao. Mtoto mwenye seli mundu anaweza kulazwa usingizi, ila kwa maandalizi tofauti: maji, joto, oksijeni, pengine damu. Wetu hakuwahi kupimwa, akapimwa, akatoka salama. Kama wewe ni wa Pwani na hujui hali ya mwanao, omba kipimo hicho mapema, usingoje kuulizwa siku ya thieta.

Mara ya kwanza tuliahirishwa. Ilikuwa msimu wa kusi, mvua na upepo, nyumba nzima mafua. Binti yangu alikuwa na kikohozi kidogo tu, nami nilikuwa nimeshachukua ruhusa kazini na kulipa amana. Daktari akaweka kifaa kifuani mwake, akasikiliza mbele na nyuma, akasema hapana, arudi wiki kadhaa baada ya kupona. Nilikasirika, sitaficha. Sababu yake ni kwamba mafua huyaacha mapito ya hewa yamechokozeka hata baada ya makamasi kukauka, na koo la mtoto wa namna hiyo likiguswa linaweza kujifunga ghafla. Piga simu mtoto anapoanza kukohoa. Usisubiri kukatazwa mlangoni mkiwa mmeshalipa nauli na mtoto ameshinda njaa.

Sasa pesa. Kwenye bili kuna mafungu ambayo hayatajwi kwenye bei ya kwanza: thieta inayohesabiwa kwa muda, daktari wa meno, daktari wa usingizi ambaye mara nyingi hulipwa kando, kitanda cha mchana, vipimo vya damu, dawa za kwenda nazo, na kila kofia ya chuma kwa bei yake. Omba karatasi yenye mafungu yote kabla, na uulize itakuwaje kazi ikizidi muda. Bima yangu ya kazini ina kiwango cha meno ambacho hakingelipa hata magego mawili. Wakakataa mara ya kwanza, wakisema meno ni meno. Tukaomba daktari aandike barua inayotaja umri, uzito, idadi ya meno, usaha, majaribio yaliyoshindikana kitini, na kwamba thieta ni ya lazima kwa tiba. Kwa barua hiyo walikubali kulipa thieta na usingizi chini ya kiwango cha kulazwa, meno yenyewe yakabaki kwetu. Barua moja ilipunguza mzigo karibu nusu. Iliyobaki ni chama cha mke wangu, kaka yangu, na mkopo mdogo.

Tunaishi Likoni. Kama nawe uko ng'ambo, usijaribu kuvuka alfajiri ya siku ile ukitegemea feri itakuonea huruma. Tulilala kwa shangazi Majengo, na jioni baada ya thieta tukarudi huko huko, karibu na hospitali, kwa sababu usiku wa kwanza ndio wa kutapika na kutoka damu.

Kufunga kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Kanuni tuliyopewa: chakula na maziwa ya ng'ombe vikome muda wa saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji matupu saa 2. Thieta ilikuwa saa mbili unusu asubuhi. Tulimwambia anafunga kama watu wazima, naye kwenye Ramadhani alikuwa ameonja kufunga nusu siku na kusifiwa na nyumba nzima, basi akajiona mkubwa. Mimi na mamake hatukula mbele yake. Kazi ngumu ni kuwadhibiti watu wazima, hasa wenye huruma. Wodini palikuwa na mvulana aliyerudishwa nyumbani kwa sababu amepewa chai asubuhi, mamake akilia kwamba hajampa chakula, ni chai tu. Chai ya maziwa ni chakula. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mtoto akiwa amelala. Mwambie kila mtu anayeamka mapema nyumbani, na ikibidi lala na funguo ya kabati.

Mzazi mmoja aliruhusiwa kuingia. Nikaingia mimi, kwa kuwa mke wangu alisema hawezi. Binti alikaa mapajani mwangu, barakoa ikaletwa karibu na uso, akaambiwa apulize puto kubwa. Alipuliza mara chache akaanza kuisukuma. Muuguzi alikuwa amenionya, na bila onyo hilo ningepiga kelele: macho yanageuka juu, mikono inarushwa, pumzi inakoroma, kisha mwili mzima unakuwa mzito ghafla mikononi mwako. Yote hayo ni kawaida. Nikambusu, nikaambiwa nitoke. Korido ile sitaki kuieleza sana. Walisema saa moja na nusu, wakatoka baada ya mbili na zaidi, na hakuna aliyekuja kutuambia ni kwa nini. Siku hizi ningemwomba muuguzi tangu mwanzo atume neno wakipitiliza.

Lile ambalo hakuna aliyetuambia ni kuamka. Tulitarajia mtoto mwenye usingizi. Tulipewa mtoto anayepiga mayowe, anayerusha mateke, macho wazi lakini hatuoni, anayemsukuma mamake kama mtu baki. Anavuta dripu. Damu puani, kwa sababu ya ule mpira. Mke wangu akaanza kulia akisema wamemharibu akili. Muuguzi mmoja mtu mzima akaja, akapunguza taa, akamfunga kanga kwa upole, akasema, "Mamangu, hii inapita, hata hataikumbuka. Mshike tu." Ilipita baada ya nusu saa hivi. Akaomba maji, akaomba katuni yake. Hali hii huwapata watoto wengi wadogo baada ya gesi ya usingizi, na kama tungeambiwa mapema, mke wangu asingebeba picha ile wiki nzima.

Baada ya hapo koo lilimwasha, sauti ikakauka siku mbili, akatapika mara moja garini. Mtindi, uji uliopoa, viazi vilivyopondwa. Bila mrija, maana kunyonya kunang'oa damu iliyoganda pale palipotoka jino. Ganzi iliyochomwa ndani ilimfanya autafune mdomo wake bila kujua, ikabidi tumkalie macho mpaka ilipoisha. Parasetamoli kwa saa, si kungoja alie. Aspirini hapewi mtoto.

Mapengo ya mbele yatakaa hadi miaka 7 pengine. Mwanzoni herufi ya "s" ilimpotea, ikarudi yenyewe. Watoto wa madrasa walimcheka kidogo, kisha mmoja wao akang'oka la kwake na heshima ikahamia huko.

Daktari alituonya kwamba watoto wengi wanaopita thieta kwa meno huoza tena, kwa sababu thieta inatibu matundu na haigusi chupa. Chupa tuliitupa. Maji matupu usiku, vitamu baada ya chakula tu, na mabuyu yamebaki ya Idi. Tunampigia mswaki sisi wenyewe, asubuhi na kabla ya kulala, na tutaendelea mpaka afike miaka 7 au 8, maana mkono wake haujafika nyuma. Dawa ya meno yenye floraidi isiyopungua 1000 kwenye maandishi ya nyuma ya tyubu, kiasi cha punje ya mbaazi. Kwa aliye chini ya miaka 3, punje ya mchele. Ateme, asisukutue. Kila baada ya miezi mitatu anarudi kupakwa kinga.

Jirani yetu ambaye hana bima amepitia hospitali ya umma. Foleni ya thieta ni ndefu, lakini gharama haikufika robo ya yetu, na daktari wa usingizi yupo vile vile kichwani mwa kitanda. Alipewa tarehe ya mbali, akaomba meno ambayo hayajafika kwenye usaha yapakwe ile silva dayamini floraidi wakati anasubiri, na ikamsaidia kusogeza. Kisichosubiri tarehe ni uvimbe. Shavu likivimba kuelekea jicho, au chini ya taya, pakiwa na homa, au mtoto akishindwa kumeza mate yake, mpeleke kwenye dharura siku ile ile, hata kama ni saa nane za usiku na feri imebaki moja.